Semeni na Mume wa Bibi

Sogeeni, sogeeni. Mwenye miguu mirefu aikunje, na mwenzake apate nafasi. Mmekaa? Haya.

Palikuwa na mtoto mmoja huko Muheza, kwenye michungwa mingi. Ana miaka sita. Ana mwanya mbele, jino limeng'oka juzi tu.

Jina lake Semeni.

Alipewa jina la shangazi yake. Lakini jina hilo lilimkaa sawasawa, maana Semeni alisema. Alisema kila kitu!

Baba alificha kanga mpya chini ya kitanda. Alitaka kumshangaza Mama siku ya Idi.
Semeni akasema.

Mama alificha maandazi mawili kwenye kapu, ale mwenyewe baadaye.
Semeni akasema.

Bibi alisinzia kwenye kikao cha akina mama. Akakoroma kidogo tu.
Semeni akasema. Na akakoroma na yeye, khorrr, khorrr, ili watu waelewe vizuri.

"Ewe mwanangu," Baba alicheka, "mdomo wako hauna mlango!"

Basi tumbo la Mama likaanza kukua. Kwanza lilikuwa kama chungwa. Kisha kama nazi. Kisha kama tikiti maji.

Siku moja Mama alikwenda kliniki kupiga picha ya tumbo. Baba alikuwa kazini, kwenye mashine ya kusaga unga. Bibi alikuwa sokoni. Basi Semeni akafuatana na Mama.

Daktari alimpaka Mama mafuta ya baridi tumboni.
"Uuuh!" alisema Mama.
"Uuuh!" alisema Semeni, na yeye hakupakwa chochote.

Kwenye runinga ndogo pakatokea kitu cheusi na cheupe. Kikageuka. Kikanyoosha mguu.

Du-du-du-du-du!

"Huo ni moyo wake," alisema daktari. "Mtoto mzima kabisa. Mnataka kujua ni wa kike au wa kiume?"

"Tunataka!" Semeni alijibu kabla ya Mama.

Daktari akacheka. "Ni wa kiume."

Mdogo wake! Wa kiume! Semeni alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Akaukimbilia mlango, akashika kitasa. Alitaka kwenda kumwambia mlinzi wa getini.

"Semeni!" aliita Mama.
"Abee!"
"Njoo hapa. Mlinzi wa nini?"

Mama akakaa naye kwenye benchi la nje, wawili tu.

"Hii ni siri," alisema Mama. "Baba yako tutamwambia leo. Lakini Bibi na Babu watasikia siku moja, wote wamekaa pamoja. Tutangoja Babu arudi kutoka Handeni."

Babu alikwenda Handeni kumsaidia ndugu yake kuvuna mahindi. Sasa ilikuwa wiki ya tatu.

"Kwa nini tusimwambie Bibi leo?" aliuliza Semeni.

"Kwa sababu wewe ulipokuwa tumboni, Bibi alijua kwanza. Babu alinuna siku tatu! Hata chai aliinywa ameelekea ukutani."

Semeni akacheka. Babu kwa kununa! Hana mpinzani Muheza nzima.

"Sasa sikiliza," alisema Mama. "Ukiitunza siri hii, siku hiyo atakayesema ni wewe. Si mimi, wala si baba yako. Ni wewe."

Semeni akatoa macho. Yeye? Kila siku aliambiwa, "Semeni, nyamaza." Asubuhi nyamaza, mchana nyamaza, jioni nyamaza. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia, "Semeni, sema."

"Nitaitunza, Mama," alisema. "Nitaitunza kweli."

Akaweka vidole viwili mdomoni, akavizungusha kama anafunga mlango.

*Kacha! Mdomo kufuli.
Siri, kaa ndani, tulia tuli.*

Siku ya kwanza, Semeni alitumwa vitumbua kwa jirani, Bi Mwantumu.

Vitumbua vilikuwa motoni. Chwaaa! Harufu ya iliki ikajaa njia nzima.

"Shikamoo, Bi Mwantumu."
"Marahaba, mwanangu. Tumbo la mama yako nimeliona. Limechongoka kwa mbele! Wa kiume huyo, au nimekosea? Niambie, nikupe kitumbua cha bure."

Semeni alikitazama kitumbua. Kitumbua kikamtazama Semeni.

Akameza mate. Gulp!

*Kacha! Mdomo kufuli.
Siri, kaa ndani, tulia tuli.*

"Makubwa!" alisema Bi Mwantumu. "Semeni hasemi?" Akacheka mpaka akampa kitumbua hivyo hivyo.

Sasa ngojeni kidogo, niwaeleze jambo. Bila hili hamtaelewa kitu, halafu mtanisumbua kwa maswali.

Bibi hakumwita Semeni "mjukuu wangu." Alimwita "mke mwenzangu."

Kwa nini? Kwa sababu Babu alimwita Semeni "mke wangu." Ni utani tu wa mabibi na mababu. Hata kwenu upo, ulizeni. Mjukuu wa kike ni mke wa Babu. Na mjukuu wa kiume ni mume wa Bibi.

Ila Bibi hakuwa na mjukuu wa kiume hata mmoja.

Shikeni hapo. Msiachie.

Siku ya pili, Bibi alimwita Semeni ukumbini. Bibi naye alitaka kujua. Alitaka sana!

"Mke mwenzangu," alisema Bibi kwa sauti laini, "mtoto anacheza tumboni?"
"Anacheza, Bibi."
"Anacheza sana?"
"Anacheza sana."

Bibi akakuna kichwa. Wa kike anacheza. Wa kiume naye anacheza. Hapo hajapata kitu.

Akajaribu tena. "Je, akizaliwa utamwita nani? Kaka au dada?"

Loo, mtego huo! Semeni akafikiri. Akafikiri tena.

"Nitamwita mdogo wangu."

"Ahaa! Mjanja wewe!" Bibi akamfinya shavu. "Siri ya mtungi aijuaye kata. Na kata yenyewe ndiyo wewe."

*Kacha! Mdomo kufuli.
Siri, kaa ndani, tulia tuli.*

Siku ya tatu ikapita. Siku ya nne ikapita. Siku ya tano Baba alirudi kutoka kazini na unga kwenye nyusi, akauliza, "Jamani, huyu ni Semeni wetu kweli, au tumebadilishiwa?"

Semeni akatembea kifua mbele nyumba nzima.

Siku ya sita, mchana, Bibi alikaa barazani akipepeta mchele. Che-che-che. Che-che-che.

Kisha ungo ukatulia.

Bibi alikuwa anakitazama kiti cha Babu. Kiti kitupu.

"Nyumba imepoa, mke mwenzangu," alisema Bibi. "Mzee angekuwapo, saa hizi angekuwa ananilalamikia chai haina sukari. Nami ningemjibu. Sasa nimjibu nani?"

Akajifuta jicho kwa ncha ya kanga.

"Bibi, unalia?"
"Silii. Ni pumba za mchele tu."

Lakini pumba za mchele haziingii macho yote mawili. Semeni alimwonea Bibi huruma. Akasahau kufuli. Akasahau kila kitu.

"Usilie, Bibi," alisema. "Mume wako anakuja!"

Lahaula! Limetoka.

Semeni akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa amemsema mtoto! Mtoto wa kiume, mume wa Bibi! Siri imekwisha!

Pwaa! Ungo ukaanguka, mchele ukamwagika.

"Mume wangu?" alisema Bibi. "Anakuja? Mzee anarudi?"

Kumbe! Bibi amesikia "mume," akamfikiria Babu. Na angemfikiria nani mwingine?

"Nilijua mimi!" Bibi akasimama kama msichana. "Jicho hili limenicheza tangu asubuhi. Nikasema leo nitapata habari. Na basi la Handeni linafika saa nane mchana. Leo limeshafika. Basi ni kesho! Mume wangu anakuja kesho!"

Semeni akafungua mdomo. Akafunga. Akafungua. Akafunga.

Angesema, "Si Babu," Bibi angeuliza, "Ni nani, basi?" Na hapo siri ingetoka.

"Lililililili!" Bibi akapiga vigelegele.

"Kuna nini huko?" Bi Mwantumu akauliza kutoka ng'ambo ya ua.
"Mzee anarudi kesho!"

Bi Mwantumu akamwambia muuza machungwa. Muuza machungwa akamwambia kondakta wa basi la Handeni, lililokuwa stendi tayari kurudi. Hapo habari ikaondoka na basi.

Na Bibi je? Bibi akafagia. Fya, fya, fya!

Bibi akafua foronya ya Babu. Chaka, chaka, chaka!

Bibi akamtazama jogoo. "Wewe kesho ni mchuzi," alisema.
Jogoo akasikia. Purrr! Huyo, juu ya bati.
"Shuka!"
"Ko-ko-ko-koo!" alijibu jogoo, na hakushuka.

Kisha Bibi akatoa kanga yake nzuri. Akapaka wanja. Akajitazama kwenye kioo kidogo, huku na huku.

"Mke mwenzangu, nimependeza?"
"Umependeza, Bibi," alisema Semeni. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Aliona kichwani jinsi kesho itakavyokuwa. Bibi yuko stendi na kanga yake nzuri. Basi linafika. Watu wanashuka, wanashuka, wanakwisha. Babu hayumo.

Semeni akakimbia kwa Mama. Mama alikuwa chumbani akikunja nguo.

"Mama, kufuli limevunjika."
"Ee! Limevunjikaje?"
"Limevunjika nusu."

Akamweleza yote. Pumba, ungo, mume, basi, wanja.

Mama alicheka. Alicheka mpaka tumbo likapanda na kushuka. Du! Mtoto akapiga teke ndani.

Lakini Semeni hakucheka. Alikuwa analia. Mama akaacha kucheka, akampakata pembeni ya tumbo, pale palipobaki nafasi.

"Mama, nikimwambia Bibi ukweli, siri itatoka."
"Itatoka."
"Nami sitakuwa nimeitunza."
"Hapana."
"Na nisipomwambia, atakwenda stendi."
"Atakwenda, mwanangu."



Semeni akatazama ukuta. Alitaka kuwa msemaji, jamani! Alilala akiiota siku hiyo. Wote wamekaa, wote kimya, na yeye amesimama katikati anasema. Alitaka kuliko kitumbua. Alitaka kuliko jino jipya.

Lakini Bibi amepaka wanja.

"Nakwenda kumwambia," alisema Semeni.

"Nenda," alisema Mama. "Nakuja nyuma yako. Polepole, lakini nakuja."

Bibi alikuwa uani, anamwonyesha jogoo mchele.

"Bibi."
"Sema, mke mwenzangu."
"Babu haji kesho. Ni mimi niliyesema vibaya. Nisamehe, Bibi."

Mchele ukamdondoka Bibi mkononi. Akakaa kwenye kigoda, taratibu.

"Haji?"
"Haji."
"Sasa mbona ulisema mume wangu anakuja?"

Semeni akavuta pumzi ndefu. "Anakuja mume wako mwingine."

"Mwingine?" Bibi akaruka. "Astaghafirullah! Mwingine yupi, na uzee huu?"

Semeni akanyoosha kidole. Mlangoni alikuwa amesimama Mama, ametanguliza tumbo.

Bibi akalitazama tumbo. Akamtazama Semeni. Akalitazama tumbo tena.

"Mume wangu?" aliuliza polepole. "Wa kiume?"

Semeni akatikisa kichwa juu na chini, juu na chini.

Hapo Bibi akalia kweli. Akacheka. Akalia na kucheka vyote kwa pamoja, na wanja wote ukashuka mashavuni. Akaweka mkono kwenye tumbo la Mama.

"Shikamoo, mume wangu," alisema.

Du!

"Ameitikia!" alipiga kelele Semeni. "Ameitikia marahaba!"

Wakacheka wote watatu. Kisha Semeni akakumbuka, akainamisha uso.

"Mama, nimevunja siri."
"Umeivunja," alisema Mama. "Nami ningekuwa wewe, ningeivunja vilevile."

Ghafla Bibi akajipiga paja. "Mungu wangu! Mzee! Akijua kwamba nimejua kabla yake, tumekwisha. Safari hii atanuna mpaka mtoto aote meno!"

Wakatazamana. Bibi akaweka vidole mdomoni. Mama akaweka vidole mdomoni. Semeni akawaonyesha jinsi ya kuzungusha.

*Kacha! Mdomo kufuli.
Siri, kaa ndani, tulia tuli.*

Jioni hiyo, trrr! Trrr! Simu ya Bibi ikalia. Alikuwa Babu. Na Babu akiongea na simu, hata majirani husikia.

"HALOO! Mke wangu! Eti nasikia kesho nakuja?"
"Nani kakwambia?"
"Kondakta! Tena ameniwekea kiti cha dirishani. Anasema umenipikia kuku!"

Bibi akamtazama jogoo juu ya bati. Jogoo akatazama pembeni.

Bibi angeweza kusema, "Hapana, mtoto alikosea." Lakini hakusema hivyo. Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Njoo, mume wangu," alisema. "Nyumba imepoa."



"Basi nakuja," alisema, na safari hii hakupiga kelele.

Kesho yake, saa nane mchana, piiip-piiip! Basi la Handeni likafika. Watu wakashuka, wakashuka, na wa mwisho kabisa akashuka Babu, na gunia la mahindi, na kofia imekaa upande.

"Shikamoo, Babu!"
"Marahaba, mke wangu Semeni! Umekua. Na jino umelipeleka wapi?"

Nyumbani wakakaa wote mkekani. Bibi akaleta wali wa nazi na maharage.

"Na kuku yuko wapi?" aliuliza Babu.

Wote wakaonyesha juu.

"Ko-ko-ko-koo!" alisema jogoo.

Wakala, wakashiba, wakanawa mikono. Kisha Mama akasema, "Jamani, Semeni ana neno."

Semeni akashtuka. Akamnong'oneza Mama sikioni, "Mimi? Na kufuli nililivunja?"

"Babu bado hajaambiwa," Mama akamnong'oneza naye. "Au unataka aambiwe na jogoo?"

Semeni akasimama. Baba kimya. Mama kimya. Bibi kimya. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Moyo wake ukapiga du-du-du-du-du.

"Babu," alianza, "Bibi ameletewa..."

"LILILILILILI!" Bibi akapiga vigelegele.

Wee! Mapema mno! Semeni hajamaliza hata neno!

Babu akageuza shingo. "Mke wangu, mbona unashangilia jambo ambalo hujalisikia?"

Bibi akanywa maji haraka haraka.

"Ulijua!" alisema Babu. "Umejua kabla yangu! Tena!"

Mdomo wa Babu ukaanza kurefuka. Ukarefuka, ukarefuka. Babu akainuka, akakifuata kiti chake. Akakivuta kuelekea ukutani. Kriiii!

Baba akashika kichwa. Mama akafumba macho.

Semeni akakimbia. Akaingia katikati ya kiti na ukuta, akasimama hapo. Na akasema. Jamani, Semeni akasema!

"Babu, usinune! Bibi alilia kwa sababu hupo! Akasema ni pumba, lakini hazikuwa pumba! Nikamwambia mume wako anakuja, maana mtoto ni wa kiume, lakini yeye akadhani ni wewe! Akamwaga mchele! Akafagia ua wote! Akafua foronya yako! Akamfukuza jogoo! Akapaka wanja! Ikabidi nimwambie kwamba si wewe, asije akakungoja stendi na wewe huji!"

Semeni akaishiwa pumzi.

Babu akawa amesimama na kiti mkononi.

"Alipaka wanja?" aliuliza Babu.
"Alipaka."
"Kwa ajili yangu mimi?"
"Kwa ajili yako, Babu."

Babu akamtazama Bibi. Bibi akajifunika uso kwa kanga.

Kriiii! Kiti kikageuka tena. Babu akakiweka karibu na Bibi. Karibu kabisa.

"Mtoto ni wa kiume?" aliuliza Babu taratibu.
"Wa kiume," alisema Semeni. "Mume wa Bibi."

Babu akatabasamu. Kisha akakumbuka kujifanya mkali. Akalikaribia tumbo la Mama, akaliinulia kidole.

"Sikiliza, kijana. Mwenye mke huyu ni mimi. Nilimwoa kabla baba yako hajazaliwa. Tumeelewana?"

Du! Mtoto akapiga teke.

"Amekataa!" alisema Baba, na wote wakaangua kicheko.

"Na anafika lini, huyu bwana?" aliuliza Babu.
"Baada ya miezi mitatu," alisema Mama.

"Basi Handeni sirudi," alisema Babu. "Nimwache mke wangu humu ndani, na kijana mwenye nguvu anakuja? Thubutu! Mahindi yaliyobaki atayavuna mwenyewe ndugu yangu. Mimi niko hapa."

"Hurudi kweli?" aliuliza Bibi kutoka ndani ya kanga.
"Sirudi."

Bibi akatoa uso nje. Alichukua kikombe cha Babu akakimiminia chai.

Jua likazama. Semeni akaogeshwa, akavishwa gauni la kulalia. Mama akamshushia chandarua.

"Mama."
"Ee, mwanangu."
"Nilisema vizuri?"
"Ulisema vizuri sana. Mimi nisingeweza kusema vile."

Semeni akakumbatia mto. Upande wa pili wa ukuta walisikika Babu na Bibi wakizungumza. Babu anasema, Bibi anajibu. Bibi anasema, Babu anajibu. Walikuwa na maneno ya wiki tatu nzima ya kumaliza.

"Mama, siri imekwisha sasa?"
"Imekwisha."
"Kwa hiyo kesho naweza kuwaambia watu wengine?"

"Waambie," alisema Mama, na akambusu kwenye paji la uso. "Kesho sema mpaka uchoke. Semeni, sema."

Lakini Semeni hakujibu. Alikuwa ameshalala, mdomo wazi, mwanya unaonekana.

Nami nimefika mwisho wa hadithi. Nanyi laleni. Na asiniite mtu kwamba ana kiu, maji mmeshakunywa.